Uzi maalumu: Wenye santuri za zamani tukutane hapa, na tafadhali msizisafishe kwa spiriti

#1 Mjukuu wa Pangani (mleta uzi)

Wadau, salaam. Uzi utakuwa mrefu, naomba mnivumilie.

Bibi yetu alitutoka mwaka juzi huko Pangani, Mungu amrehemu. Tulipokuwa tunatoa vitu chumbani mwake tukakuta kasha la mninga chini ya kitanda cha besera. Juu zilipangwa kanga zilizokunjwa vizuri. Chini ya kanga kulikuwa na sanduku jeusi lenye mshikio kama begi la safari, na chini ya sanduku sahani ishirini na tatu za santuri, zimeviringishwa kwenye magazeti. Nne zilikuwa zimevunjika. Mjomba alipoliona lile sanduku alikaa chini. Akasema ndilo lililokuwa likipigwa barazani wakati yeye mtoto, na kazi yake ilikuwa kutia ufunguo kabla wimbo haujaanza kulegea.

Sanduku lenyewe ni gramafoni, HMV 102, mashine ya kubebeka iliyoanza kutoka mwaka 1931. Halitumii umeme. Ukilifunua unakuta sahani ya kuzungushia yenye kitambaa, mkono wa chuma ulio wazi ndani ambao ndio bomba la sauti, na kichwa chenye kiwambo cha aluminiamu, yaani utando unaotetemeka na kutoa sauti. Pembe haionekani nje, imefichwa ndani ya sanduku. Hendeli unaichomeka ubavuni, unazungusha, springi inajaa.

Sasa kosa langu. Sahani ya kwanza niliyoitoa ilikuwa na vumbi lililoganda na alama za vidole vya watu ambao huenda hawapo tena. Nikachukua pamba na spiriti, ile ninayosafishia kioo cha simu, nikafuta. Pamba ikatoka nyeusi. Nikafurahi, nikadhani ni uchafu. Nikaongeza. Kumbe nilikuwa naifuta sauti yenyewe. Nilipoiweka kwenye mashine, upande ule ulitoa mkwaruzo mtupu, na nyuma ya mkwaruzo, kwa mbali sana, kuna mtu anaimba. Sikupata hata neno moja.

Sahani hizi si plastiki. Ni shelaki, utomvu wa wadudu wadogo wanaokaa kwenye matawi ya miti huko India, uliochanganywa na unga wa mawe na masizi ya kuzitia weusi. Lakiri ya kupigia mihuri ni ndugu yake. Seremala yeyote wa zamani angeniambia kwamba shelaki ya kung'arishia fanicha huyeyushwa kwa spiriti. Mimi sikumuuliza seremala.

Njia iliyo salama ni maji ya uvuguvugu, tone la sabuni laini, na kitambaa laini kinachofuata mzunguko wa mifereji. Lebo isiguswe na maji. Kisha unaisimamisha kivulini ikauke polepole, maana jua letu la pwani litaipinda kama chapati kwenye kikaango. Na zihifadhiwe zikiwa wima kama vitabu. Zikilazwa kwa rundo, ya chini huvunjika kwa uzito wa wenzake.

Nimeanzisha uzi huu kwa sababu mbili. Kwanza, asirudie mtu kosa langu. Pili, kuna sahani moja ya kampuni ya Odeon inayoninyima usingizi. Lebo imeliwa na mende pande zote mbili, imebaki rangi tu na kipande cha jina la kampuni. Anayeimba ni mwanamke, Kiswahili cha pwani, nyuma yake kuna udi na fidla. Ukingo umemeguka kipande kama ukucha wa dole gumba, kwa hiyo mwanzo wa upande mmoja haupo. Sindano inabidi niishushe baada ya pengo, katikati ya ubeti. Kama kuna mwenye nakala nzima, naomba ajitokeze. Picha nimeziweka.

#2 Fundi Saa

Pole sana mkuu, na bibi apumzike kwa amani. Mimi ni fundi saa hapa Tanga, na hizi mashine nimezifungua nyingi kwa sababu mota yake ni saa tu iliyoongezwa nguvu.

Kabla hujaendelea kupiga hizo kumi na nane zilizobaki, niambie sindano unatumia ipi. Kama ni ile uliyoikuta kichwani, itoe leo. Sindano ya chuma ni ya upande mmoja. Ukigeuza sahani, unatia mpya. Watu wanadhani huu ni ubadhirifu, lakini sikiliza inavyofanya kazi. Kichwa kile kinalala juu ya sahani kwa uzito wa zaidi ya gramu 100. Unga wa mawe ulio ndani ya shelaki unaisaga ncha ya sindano mizunguko ya mwanzo mpaka ikae sawasawa na mfereji. Ikifika mwisho wa wimbo imeshakuwa na makali pembeni, kama patasi. Hiyo patasi ukiirudisha mwanzo wa sahani nyingine inachonga kuta za mfereji, na sauti imeandikwa kwenye hizo kuta. Zile sahani ambazo mifereji yake imekuwa ya kijivu badala ya nyeusi inayong'aa, ni kazi ya sindano zilizotumiwa mara ishirini. Zamani zilikuja kwenye vikopo vidogo vya bati, sindano 200 kila kikopo, na bado zinatengenezwa mpya. Za sauti ndogo ni nyembamba na haziichoshi sahani kama zile za sauti kubwa.

Springi. Tafadhali usiifungue nyumba ya springi kama hujafundishwa. Ni utepe wa chuma wa mita kadhaa uliojikunja kwa hasira. Ukiutoa vibaya unakata vidole. Ukisikia mashine inapiga "ndu, ndu" ndani wakati inazunguka, ni grisi iliyokauka, tabaka za springi zinashikana halafu zinaachana kwa ghafla. Dawa yake ni kuosha na kutia grisi yenye grafiti. Gavana (zile risasi tatu zinazozunguka na kufunguka kudhibiti kasi) zinataka mafuta mepesi ya cherehani na kipande cha ngozi kinachogusa kisikauke. Ngozi ikikauka kasi inayumba, na mwimbaji anaonekana amelewa.

Tena, mpira unaozunguka kiwambo. Katika mashine nyingi za miaka hiyo umekuwa mgumu kama kokwa. Ndiyo maana sauti inatoka kama nyuki kwenye kopo. Ukibadilishwa mpira tu, bila kugusa kitu kingine, utasikia vina vya shairi ambavyo ulikuwa huvisikii. Mashine kongwe zaidi kiwambo chake si aluminiamu, ni ulanga, ule wa kubanduka kama karatasi za kioo. Huo ukiuona, usiuguse kwa kidole.

#3 Kijana wa Temeke

Wakubwa shikamooni. Nami naomba kuingia. Kuna duka moja la vitu vya zamani nimeona gramafoni ya pembe kubwa ya shaba, inang'aa kweli, ina nembo ya mbwa anayesikiliza. Muuzaji anasema ni ya mwaka 1905 na ilitoka kwa Mzungu wa reli. Bei yake ni kama pikipiki. Nimeweka picha. Nijipange?

#4 Fundi Saa

Marahaba kijana. Usijipange. Nimeikuza picha yako nikaitazama vizuri.

Pembe ya shaba nyembamba inayong'aa kama sinia la harusi, sanduku lenye pande nane, nembo ya mbwa ambayo ni mpya kuliko kila kitu kilichoizunguka: hizi zinaundwa India kwa ajili ya watalii. Ndani unakuta mota iliyong'olewa kwenye mashine ya kubebeka kama ya huyu ndugu wa Pangani. Yaani mashine ya kweli imeuawa ili hiyo ipatikane. Angalia kiwiko kinachounganisha pembe na mkono. Kwenye mashine ya kweli kimetengenezwa kwa usahihi, hakichezi. Kwenye picha yako kimefungwa kwa skrubu mbili na kinaning'inia.

Na jambo la pili. Hata ingekuwa halali, kwa kuanzia ningekushauri mashine ya kubebeka. Nyingi zilikuja huku kwetu, zina umbo dogo, hazina mbwembwe, na springi zake bado zinapatikana. Pembe inapendeza kwenye picha, lakini wazee wetu wengi walisikilizia sanduku kama hilo la Pangani.

#5 Binti Kibokoni

Mleta uzi, asante. Nimesoma nikakumbuka marehemu babangu, naye alikuwa nazo. Niseme kidogo juu ya kilichomo ndani ya sahani, maana mafundi wameshasema ya nje.

Wengi wetu tukitaja santuri ya Kiswahili tunaanza na Siti binti Saad, na ni haki. Mzaliwa wa Fumba, Unguja, alikwenda Bombay na wenzake mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni ya HMV. Naona watu wanaandika kwamba aliimba akiwa ameingiza kichwa ndani ya pembe. Si kweli. Kuimbia pembe kulikuwa kabla ya 1925. Wakati huo hapakuwa na umeme katika kazi hiyo: mwimbaji anasimama mbele ya pembe, wenye vyombo vya makelele wanarudishwa nyuma, na nguvu ya sauti yenyewe ndiyo inayosukuma sindano ichore nta. Siti alipofika Bombay maikrofoni ilikwishaingia. Ndiyo maana tunasikia pumzi yake, na tunamsikia mwanamuziki mwenzake Mbaruk, wa hapa kwetu Mombasa, pamoja naye. Angekwenda miaka mitano kabla, tungepata kivuli tu.

Siti aliuza, na kampuni nyingine zikaona kumbe kuna soko. Odeon, Columbia na Pathé nazo zikarekodi waimbaji wa Kiswahili karibu na mwaka 1930. Kwa hiyo sahani yako ya Odeon ina uwezekano mkubwa wa kuwa ya wakati huo, na yule mwanamke si lazima awe Siti. Palikuwa na waimbaji wengine, wanaume kwa wanawake, ambao majina yao yamebaki kwenye lebo tu. Lebo ikiliwa na mende, jina nalo limekwenda. Hili linaniuma sana.

Sahani ya inchi 10 inabeba dakika tatu na kitu kila upande. Shairi la taarabu halikutungwa kwa dakika tatu. Ukumbini mtu anaweza kuimba ubeti, wapenzi wakatuza, akaurudia, udi ukazunguka, ikafika robo saa. Mbele ya maikrofoni ilibidi wachague beti, wapunguze mzunguko wa vyombo, na wimbo ukatwe: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili ukigeuza. Kwa hiyo unaposikiliza usidhani hivyo ndivyo ulivyokuwa wimbo. Ni wimbo uliobanwa kiuno. Sikiliza mwishoni mwa upande wa kwanza, mara nyingi vyombo vinakimbilia kumaliza.

Halafu kwenye makasha ya wazee hamkosi sahani ambazo si za Kiswahili. Babangu alikuwa na za Misri za kampuni ya Baidaphon zenye picha ya mnyama paa, Umm Kulthum wa Odeon, sahani za filamu za Kihindi, na zile nyekundunyekundu za HMV zenye herufi GV. Mfululizo wa GV ulianza 1933, na namba ya kwanza kabisa ni wimbo wa Cuba uliopigwa na okestra ya Don Azpiazu. Hizo ndizo zilizofundisha rumba Afrika nzima, kuanzia Kongo mpaka kwetu. Msizitupe kwa sababu hamuelewi lugha. Kasha ni ushahidi wa sikio la mtu mmoja: asubuhi alisikiliza nini, usiku alisikiliza nini, na kipi alikipiga mpaka kikawa cha kijivu.

Hiyo Odeon, weka sauti tuisikie. Mamangu ana miaka themanini na moja na kichwa chake ni daftari.

#6 Mtunza Nyaraka

Nimechelewa. Nafanya kazi ya kuhifadhi nyaraka, na naomba nipigie mstari jambo moja ambalo mleta uzi analo mkononi bila kulijua.

Lebo imeliwa, sawa. Sasa chukua tochi, ilaze ubavuni mwa sahani, utazame ile sehemu laini kati ya mfereji wa mwisho na lebo. Kuna namba na herufi. Hiyo si namba ya kuuzia ambayo ipo kwenye lebo, ni namba ya rekodi yenyewe, iliyowekwa kwenye bamba mama kabla sahani haijakandamizwa. Mende hawaili. Nakala zote zilizotoka kwenye bamba lile zinayo. Ukiipata, huhitaji tena lebo yako, unahitaji lebo ya mtu yeyote mwenye namba hiyohiyo.

Juu ya kuhamisha sauti kwenda kwenye kompyuta. Usiweke simu mbele ya mashine ukasema umehifadhi. Inafaa kwa kuwaonjesha watu, basi. Na usiweke sahani hizi kwenye pleya ya kisasa yenye sindano ya LP, zile santuri za plastiki zilizokuja baadaye. Mfereji wa sahani ya 78 (yaani ya mizunguko 78 kwa dakika, kama hizi) ni mpana karibu mara tatu au nne: sindano yake ina ncha ya mikroni 75 hivi, ya LP ni kama 18 hadi 25. Sindano nyembamba inaburuzika chini ya mfereji kwenye uchafu, haizigusi kuta. Nunua kichwa chenye sindano ya 78. Kama pleya yako haina kasi ya 78, rekodi kwa 45 kisha kwenye programu uiongeze kasi mara 1.733. Tunza faili ghafi isiyosafishwa mikwaruzo, biti 24. Kusafisha kunaweza kufanywa tena miaka ishirini ijayo kwa zana bora, lakini ukishafuta kitu kwenye faili pekee uliyonayo, umerudia ile pamba na spiriti.

Nawapa mfano wa kwa nini ghafi ni muhimu. Mwaka 1906 Karl Weule wa jumba la makumbusho la Leipzig alipita Lindi, Masasi na Newala akiwa na fonografu ya Edison, ile ya vigunia vya nta, na akarekodi nyimbo za watu wa kusini. Nta ni laini, kila ukiipiga inalika. Lakini kazi kama hizo zilinakiliwa na kutunzwa, na hazina ya fonogramu (rekodi za sauti) ya Berlin, iliyoanzishwa 1900, imo katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia ya UNESCO tangu 1999. Mjukuu wa Masasi leo anaweza kuisikia sauti ya kijiji chake ya kabla ya Vita vya Kwanza. Lakini lazima aombe Ujerumani. Ndiyo sababu nafurahi nikiona kasha limefunguliwa Pangani na bado liko Pangani.

*Marekebisho:* nimeandika "vigunia vya nta", nilikusudia mitungi ya nta, yaani silinda. Kwenye silinda sindano hupanda na kushuka, na kwenye sahani nyingi inakwenda kushoto na kulia. Pathé walikuwa na sahani za kupanda na kushuka zinazotaka kito cha duara badala ya sindano ya chuma. Ukikutana na Pathé ya zamani, usiishushie chuma kabla ya kuuliza hapa.

#7 Mkusanyaji 78

Nitasema lisilopendwa. Nimekusanya kwa miaka kumi na tisa, sahani mia nne na zaidi, kwa pesa yangu na miguu yangu, Bagamoyo mpaka Lamu. Miaka ya nyuma niliweka sauti kumi mtandaoni, bure, kwa moyo safi. Baada ya miezi miwili nikazikuta kwenye chaneli ya mtu, ameweka nembo yake, ameandika "mkusanyiko wangu", na matangazo yanapita. Nilipomwandikia akanifungia. Tangu hapo sishiriki. Na nyinyi mnaomwambia kijana wa watu aweke Odeon yake hadharani, mmemwambia kitakachofuata? Sahani ambayo hakuna aliyeisikia ina thamani. Ikishasikika, imebaki kipande cha shelaki chenye pengo.

#8 Mjukuu wa Pangani

Kaka mkubwa, heshima yako. Miaka kumi na tisa si mchezo, na uliyotendewa ni wizi, siupambi jina lingine. Nimekaa na maneno yako siku mbili kabla ya kujibu.

Lakini nakuuliza kwa upole: zile mia nne, ukiacha wewe, nani anajua zina nini? Mimi kwa pamba moja nimepoteza upande mmoja wa sahani moja, na sasa hakuna mtu duniani ninayeweza kumwendea nikamwambia nipe ya kwako nisikie. Ingekuwa mtu aliirekodi mwaka jana na kuitia popote, hata na nembo ya uongo juu yake, leo ningekuwa najua yule mtu anaimba nini. Nyumba za mwambao zina chumvi, zina mchwa, zina mafuriko. Sahani ikianguka kutoka kiunoni inavunjika vipande vitatu. Thamani unayoisema inakaa juu ya kitu ambacho mtoto anaweza kukikalia.

Na kuna lingine. Bibi hakununua sahani hizi azisikilize peke yake. Mjomba anasema baraza lilikuwa linajaa mpaka watu wanakaa kwenye ngazi za jirani. Mwenye mashine alikuwa mmoja, sauti ilikuwa ya mtaa. Nikizifungia, nitakuwa nimefanya kitu ambacho yeye mwenyewe hakukifanya.

Nakubali tuweke utaratibu. Kila sauti iende na picha ya lebo, namba, mahali ilipopatikana, na jina la aliyeitunza kama anataka litajwe. Mwizi akifuta hayo, yetu yatakuwa yamewahi.

#9 Mtunza Nyaraka

Naunga mkono, na niongeze upande wa sheria. Katika sahani moja kuna haki mbili, ya rekodi na ya utunzi. Kenya, kwa mfano, rekodi ya sauti inalindwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa, lakini mtunzi analindwa maisha yake na miaka 50 baada ya kufa. Rekodi ya 1930 imeshapita, mtunzi aliyefariki 1990 bado. Kwa hiyo usiuze, na ukijua familia ya mwimbaji, waendee kwanza. Nimeona familia zikilia kwa furaha kusikia sauti ya babu, na nimeona nyingine zikiuliza, kwa haki kabisa, mbona hamkutuita.

Mkusanyaji 78, kuna njia ya katikati. Peleka nakala za sauti mahali pa kuhifadhia bila kuziweka wazi, kwa masharti yako kwa maandishi. Nakala mbili, miji miwili. Zisitegemee nyumba moja.

#10 Mkusanyaji 78

Nakala mbili miji miwili nalielewa. La baraza la bibi limenigusa pia, sitaficha. Nipeni muda.

#11 Mdau wa Maskati

Assalaam alaykum jamaa. Nawasoma kutoka Maskati. Wazee wangu walitoka Unguja mwaka 1964 na walichobeba ni kidogo, lakini mamangu alibeba sahani sita. Sita tu, kwenye mto wa kulalia, katikati ya pamba. Mbili zilivunjika njiani.

Huku sahani za 78 watu wanazienzi kwa sababu ya Salim Rashid Suri, baharia wa Sur, huku Oman, aliyekuwa mwimbaji, aliyerekodi Bombay miaka ya 1930. Bahari ileile, studio za mji uleule. Ukiweka sahani yake na ya Siti pamoja unasikia udi mmoja unazungumza lugha mbili.

Nimefanya alivyosema Mtunza Nyaraka, tochi ubavuni. Ndugu wa Pangani, katika zile nne zangu moja ni Odeon. Lebo yangu ipo, lakini imesuguliwa kwa miaka: linasomeka neno "binti" na herufi mbili baada yake, zilizobaki zimefutika. Namba ya kwenye shelaki naiona vizuri kabisa. Naomba ulete yako.

#12 Mjukuu wa Pangani

Mikono inatetemeka. Nimeiweka picha ya tochi hapo chini. Tazama tafadhali.

#13 Mdau wa Maskati

Ndiyo hiyo. Tarakimu kwa tarakimu. Na yangu ukingo ni mzima, ila ina ufa kutoka pembeni mpaka karibu na lebo, unapiga "tak" kila mzunguko.

#14 Fundi Saa

Alhamdulillahi. Naomba niwapigieni hesabu. Kwenye sahani kama hizi mifereji ni karibu 100 kwa inchi. Pengo la ndugu yetu nimelipima kwenye picha, ni sentimita moja kwenda ndani, yaani mifereji kama arobaini. Kwa mizunguko 78 kwa dakika, kilichopotea ni nusu dakika hivi. Hiyo nusu dakika itoke Maskati, iliyobaki itoke Pangani ambako hakuna ufa. Mkirekodi kwa kasi moja na sindano ya unene mmoja, mtu ataziunga na hutasikia kiungo.

Mdau wa Maskati, ufa huo usiutie gundi. Na mashine ya springi usiipigie sahani hiyo, uzito wa kichwa utaupanua. Pleya nyepesi tu.

#15 Mdau wa Maskati

Nimerekodi kwa mwanangu ambaye ana pleya. Faili ghafi nimeipandisha, pamoja na picha. Mama amekaa karibu nami muda wote. Haikuwahi kupigwa tangu tulipofika huku, hatukuwa na mashine.

#16 Binti Kibokoni

Nimemtilia mama sikioni baada ya magharibi, ile ya Maskati, pamoja na "tak" zake.

Alisikiliza mara ya kwanza kimya. Mara ya pili akaanza kutikisa kichwa. Mara ya tatu, kabla mwimbaji hajafika kwenye kituo cha ubeti, mama akakimaliza yeye. Nikasimamisha. Nikamuuliza, mama umeisikia wapi santuri hii? Akasema hakuisikia kwa santuri hata siku moja. Waliimbiwa na nyanya yao jikoni, wakitwanga, na ubeti wa kwanza si huu, kuna mmoja kabla yake ambao kwenye sahani haumo. Ameuimba. Nimeurekodi kwa simu, samahani Mtunza Nyaraka, ndicho kilichokuwa karibu.

Jina la mwimbaji hakumbuki. Lakini anasema zile herufi mbili baada ya "binti" akizisomewa atafikiri.

#17 Mdau wa Maskati

Ni M na W. Ya tatu inaweza kuwa I au L, wino umekatika hapo.

#18 Mkusanyaji 78

Nina Odeon kumi na moja za karibu na mwaka 1930. Natoa tochi.